Inveta ya sola inakata saa sita mchana jua likiwa kali: kosa liko kwenye waya wa mtaa (Arusha/Moshi)

#1 FidaYaSakina

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa wanaofunga sola ya kuungana na umeme wa gridi, si ile ya kujitegemea shambani.

Malalamiko ni yale yale kuanzia Ngaramtoni hadi Kiboriloni. Mfumo wa kW 5 umefungwa vizuri, jua la Februari linachoma, lakini kati ya saa sita na saa nane inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama wa gridi) inazima, inakaa dakika kadhaa, inawaka, inazima tena. Inatulia saa tisa na nusu, jua lenyewe likiwa limeshapungua. Skrini inaandika volti zimezidi. Mteja anabadilishiwa inveta, na mpya nayo inafanya vile vile.

Inveta haina kosa. Ili isukume umeme nje, volti zake lazima zizidi za laini, na kadiri waya unavyokuwa mrefu na mwembamba ndivyo inavyolazimika kupanda zaidi. Chukua nyumba iliyo mita 400 kutoka kwenye transfoma, laini ni ABC (nyaya zenye ganda zilizosokotwa pamoja) ya alumini ya 50 mm². Waya huo una omu 0.641 kwa kilomita, kwa hiyo mita 400 ni omu 0.256. Umeme wa fezi moja unakwenda kwa fezi na kurudi kwa nyutro, basi zidisha kwa mbili: 0.513. Kilowati 5 kwa volti 230 ni ampea 21.7. Zidisha unapata volti 11.1.

Mchana watu wako kazini, laini haina mzigo, na chini ya transfoma unakuta 240. Jumlisha: 251. Inveta nyingi zimewekewa kikomo cha 253, yaani 230 na asilimia 10 juu yake, wastani wa dakika kumi. Hesabu inasema 251, skrini inaonyesha 253 na nukta kabla ya kukata. Hizo volti mbili na ushee zimetoka wapi? Nawaachia hapo.

#2 NyutroKwanza

Zimetoka kwenye sevisi, mkuu. Waya wa kutoka nguzo hadi mita mara nyingi ni alumini ya 16 mm², omu 1.91 kwa kilomita. Mita 30 kwenda na kurudi ni omu 0.115, mara ampea 21.7 ni volti 2.5. Sasa una 253.6 na inveta imekata kihalali kabisa.

Watu hukodolea macho laini kubwa ya mtaa na kusahau huo mkia. Wakati mkia ndio wa bei ndogo: ukibadilishwa kuwa 25 mm² upandaji unashuka hadi 1.6. Volti moja tu imeokolewa, lakini ndiyo iliyokuwa inazima mfumo.

Lingine kubwa zaidi: fezi tatu. Kilowati 5 zile zile zikigawanywa fezi tatu sawasawa, kila fezi ni ampea 7.2 na nyutro haibebi kitu. 7.2 mara 0.256 ni volti 1.9 kwenye laini ya mtaa, badala ya 11.1. Mara sita pungufu, waya ule ule. Kwa mfumo unaozidi kW 5 mimi sioni sababu ya kufunga fezi moja kama nyumba ina au inaweza kupata fezi tatu.

#3 MpimajiUsaRiver

Nakazia, ila njooni na namba za laini yenu wenyewe, msikae na za jedwali. Jedwali halijui konekta zilizoungua.

Kupima ni kazi ya dakika kumi. Unahitaji mita ya mkononi inayosoma thamani halisi (ile yenye alama ya True RMS, za bei ya chee hudanganya kwenye wimbi la inveta) na kleampu ya ampea. Mchana jua likiwa limetulia, inveta ikiwa imezimwa, soma volti kwenye meni swichi. Washa inveta, subiri ifike kilele, soma volti na ampea zinazotoka. Tofauti ya volti gawanya kwa ampea. Kama ilikuwa 239 na imekuwa 251 kwa ampea 20, omu za njia yako ni 12 gawanya kwa 20, yaani 0.6.

Rudia mara tano au sita, maana volti za gridi zenyewe zinacheza. Kipimo kimoja kinaweza kuangukia wakati jirani anazima mashine ya kuchomelea. Chukua wastani.

Huna inveta bado? Tumia birika la wati 2000. Soma volti, liwashe, soma tena. Likishusha kutoka 230 hadi 225 kwa ampea 8.5, njia yako ina omu 0.59. Jibu lile lile, hujanunua kitu.

Ukishajua omu, ukubwa wa sola unajipanga. Ukitaka upandaji usizidi asilimia 3, ambayo ni volti 6.9, basi 6.9 gawanya kwa 0.6 ni ampea 11.5, kama kW 2.6. Huo ndio uwezo wa kupeleka nje kwenye laini hiyo bila ugomvi. Muuzaji wa paneli hatakuambia.

#4 BatiJekundu

Mnazunguka sana wakuu. Si unaingia kwenye mipangilio, unaweka kikomo 265, maisha yanaendelea? Mafundi wengi mjini wanafanya hivyo.

#5 NyutroKwanza

Wanafanya, na ndiyo sababu friji za jirani zinakufa bila kujulikana zimeuawa na nani.

Mkuu, ile 253 haikuwekwa kulinda inveta yako peke yake. Volti unazosukuma wewe ndizo zinazoingia kwa jirani wa nguzo ya kwako. Kifaa cha kupasha (birika, pasi, hita ya maji) kwa 253 kinakula asilimia 21 zaidi ya kwa 230, kwa sababu nguvu hupanda kwa mraba wa volti. Taa za LED za bei ndogo na chaja huungua kapasita. Wewe umeuza uniti mbili, jirani kanunua friji.

Njia ya kistaarabu ipo ndani ya inveta hiyo hiyo: kupunguza kidogo kidogo kadiri volti zinavyopanda. Kwa mfano, inaanza kushusha nguvu ikifika 245 na inapofika 253 inabaki na asilimia 20. Unapoteza kidogo saa sita, lakini haizimi na kukaa dakika tano ikisubiri kuunganishwa upya. Jumla ya siku unapata zaidi.

Kuna na ile ya kunyonya nguvu isiyo ya kazi, wanaiita kvar. Kwenye laini kubwa inasaidia sana. Kwenye ABC ya mtaa haina maana kubwa, kwa sababu waya huo una omu nyingi za kawaida (0.64) na kama 0.09 tu za sumaku. Inveta ya kVA 5 (kVA ni kW na kvar kwa pamoja) ikinyonya kwa pawa fakta 0.9 (kW gawanya kwa kVA) inashusha kama volti 0.7 kwa mita zile 400. Msitegemee.

#6 TepuNambariTatu

Kabla ya kulaumu inveta, ulizeni transfoma imekaa tepu ya ngapi (tepu ni nafasi ya kurekebisha volti).

Transfoma ya mtaa ya 33/0.4 au 11/0.4 huwa na nafasi tano: katikati, na hatua mbili za asilimia 2.5 kila upande. Swichi yake inageuzwa umeme ukiwa umezimwa kabisa, na anayepanda pale ni fundi wa shirika, si fundi wetu wa mtaani. Tepu namba 1 huwa ndiyo ya mizunguko mingi upande wa juu, kwa hiyo huku chini inatoa volti ndogo. Wengi wanadhani kinyume.

Lakini hapa pana mtego. Tuseme mwisho wa laini mchana ni 251 na saa mbili usiku, watu wanapopika na kutazama taarifa ya habari, ni 207. Upana ni volti 44. Ukisogeza tepu hatua moja ya kushusha volti, zote mbili zinashuka kama 6: mchana 245, usiku 201. Mchana umepona, usiku pampu ya maji haiwaki. Tepu husogeza, haipunguzi upana. Mtaa wenye upana wa volti 44 hauna tatizo la tepu, una tatizo la waya.

Na dawa ya waya si lazima iwe waya mnene. Laini yenye nyumba zilizopangana sawasawa, kushuka kwa volti kunafuata mraba wa urefu. Transfoma ikitolewa mwanzoni mwa mtaa wa mita 800 na kuwekwa katikati, kila mkono una mita 400, na kushuka kwa volti mwishoni kunakuwa robo ya kule kwa awali, waya ukiwa ule ule. Ndiyo maana transfoma mbili za kVA 100 zilizotawanywa zinashinda moja ya 200 iliyokaa barabarani. Mitaa mingi ya pembeni mwa mji imekua kwa kuongeza nguzo moja moja kila mtu anapojenga, hadi mwisho wa laini umesahau transfoma iko wapi.

#7 FidaYaSakina

Hiyo ya kuhamisha transfoma katikati nimeipenda, ndiyo kiini. Ongeza kusawazisha fezi: mtaa una fezi tatu, lakini mafundi wanaounga sevisi hupenda waya ulio karibu na ngazi. Unakuta fezi moja ina ampea 140, nyingine 60, ya tatu 45. Nyutro inabeba tofauti, na kila ampea ya nyutro ni volti nyingine inayopotea. Kuhamisha nyumba sita kutoka fezi moja kwenda nyingine ni kazi ya asubuhi moja na hainunui kitu zaidi ya konekta.

#8 KonektaYaKungata

Tukifika kwenye nyutro tukae kidogo, kwa sababu ndiyo inayounguza nyumba.

Nyutro ikikatika katikati ya mtaa, nyumba zilizo kwenye fezi mbili tofauti zinajikuta zimeungwa mfululizo kati ya volti 400. Nyumba A ina birika la wati 2000, omu 26. Nyumba B ina televisheni na chaja tu, wati 100, omu 529. Volti zinagawana kwa omu: B inapata 381, A inapata 19. Birika haliwaki, televisheni ya jirani inatoa moshi. Dalili zake kabla haijakatika kabisa: ukiwasha pasi, taa za chumba hicho zinafifia na za jirani zinang'aa. Taa za mtaa mzima zikififia pamoja, hiyo ni laini dhaifu. Nyumba moja ikififia huku nyingine inang'aa, ni nyutro. Zima meni, piga simu.

Inakatikia wapi? Kwenye maungio. Shaba imezungushwa juu ya alumini kwa plaizi, ikafungwa tepu nyeusi. Mvua ya masika ikiingia, alumini inaliwa, unakuta unga mweupe kama majivu na ganda la waya limeyeyuka sentimita tano kila upande. Konekta ya kung'ata ndiyo sahihi: ina meno yanayotoboa ganda, grisi ndani, na bolti ambayo kichwa chake hukatika chenyewe ikifika nguvu yake. Kichwa kikiwa bado kipo, konekta haijakazwa. Unaliona hilo ukiwa chini, huhitaji ngazi. Na haitumiki mara mbili, ikishang'olewa, tupa.

Sola inaongeza moto hapo. Zamani maungio yalibeba ampea 5 mchana na 15 usiku, yanapoa. Sasa yanabeba 20 saa tano mfululizo jua likiwa kichwani.

#9 MamaWaSoweto_Moshi

Asanteni kaka zangu, mnaeleza vizuri. Mimi swali langu ni LUKU (mita ya kulipia kabla). Naambiwa sola ikizidi umeme unaingia kwenye gridi na uniti zinaongezeka. Wengine wanasema uniti zinaisha haraka kuliko mwanzo. Lipi la kweli?

#10 MpimajiUsaRiver

Dada, la pili ndilo la kweli kwa mita nyingi za LUKU zilizopo majumbani. Hazitofautishi umeme unaoingia na unaotoka: uniti ikipita, upande wowote, imetumika. Nyingine huona umeme umerudi nyuma, zinadhani mita imechezewa na zinajifunga. Ukituma uniti 10 nje kwa mita ya namna hiyo, zinakatwa 10. Kwa bei ya T1 (kundi la matumizi ya kawaida), shilingi 292 pamoja na VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) 3 na ya EWURA (mdhibiti) 1, inakuwa 356.24 kwa uniti. Umewapa umeme na umelipa 3,562 juu yake.

Kanuni za mita ya pande mbili zipo tangu 2018, lakini ni lazima uombe, ukaguliwe, na ubadilishiwe mita. Kabla mita haijabadilishwa inveta iwekwe isitoe nje hata wati moja.

Na kabla ya hayo yote, angalia uko kundi gani. Kama uko D1 (kundi la matumizi madogo), uniti 75 za kwanza kwa mwezi ni shilingi 100 kila moja, ukijumlisha tozo inakuwa 122. Mwezi mzima ni 9,150. Hakuna paneli duniani itakayorudisha pesa yake kwa kushindana na 122. D1 anayekaa ndani ya 75 asifunge sola kwa ajili ya kuokoa bili. Afunge kwa ajili ya umeme kukatika, na hiyo ni hesabu ya betri, siyo ya paneli.

Kwa aliye T1, pima matumizi ya mchana tu. kW 5 Moshi au Arusha inatoa kama uniti 20 kwa siku nzuri. Nyumba ambayo watu wako kazini na shule, mchana inakula uniti 5 au 6: friji mbili, ruta, pampu. Zilizobaki 14 hazina pa kwenda. Hapo kW 2 zinatosha, na pesa iliyobaki iende kwenye betri.

#11 BatiJekundu

Sawa nimekubali ya 253. Sasa hiyo ya kuzuia isitoe nje, mbona nimeona imewekwa na bado mita inakula?

#12 KonektaYaKungata

Sababu tatu, mkuu, kwa mpangilio wa ninavyozikuta.

Kleampu ya CT (inayoipimia inveta umeme wa gridi) imefungwa kinyume. Ina mshale au herufi K na L. Angalia kitabu cha inveta kama mshale unaelekea kwenye gridi au kwenye nyumba, hazifanani. Ikiwa kinyume, inveta inadhani unavuta, inaongeza, inazidi kusukuma. Jaribio: zima inveta, washa birika, skrini lazima ionyeshe unavuta wati 2000 kutoka gridi. Ikionyesha unatoa, geuza kleampu.

CT imewekwa baada ya tawi la jikoni au la nyumba ya uani. Lazima iwe kwenye waya wa fezi unaotoka mita, kabla ya tawi lolote.

Na kasi. Friji ikizima ghafla wati 150 zinabaki bila mlaji. Inveta inachukua sekunde moja hadi kadhaa kupunguza, na kwa muda huo zinatoka. Mara hamsini kwa siku, zinajumlika. Weka inveta ivute wati 50 hadi 100 kutoka gridi muda wote. Wati 50 kwa saa kumi za mchana ni nusu uniti, shilingi 178. Ni kodi ya amani.

#13 KVA_UngaLimited

Naona mmejaa majumbani. Viwandani huku kuna kosa moja linarudiwa kila sola inapofungwa, na wenye viwanda wanashangaa bili haishuki.

Mteja wa T2 (kundi la bei la watumiaji wakubwa) analipa uniti shilingi 195 na kilele cha kVA shilingi 15,004 kwa kila kVA. Tuseme mashine zinakula kW 80 kwa pawa fakta 0.75. kVA ni 107. Zile kvar ni 70.6. Anafunga sola ya kW 40, inayotoa kW tupu bila kvar. Mchana gridi inampa kW 40, lakini kvar ni zile zile 70.6. kVA ni mzizi wa mraba wa 40² na 70.6² ukijumlishwa, unapata 81. Pawa fakta imeanguka hadi 0.49! Umekata kW kwa nusu, kVA zimepungua robo tu. Na siku moja ya wingu, au saa moja asubuhi mashine zote zikiwashwa kabla ya jua, mita inarekodi 107 na hiyo ndiyo ya mwezi mzima.

Anza na kapasita, zinazotoa kvar hapo hapo kiwandani. Kutoka 0.75 hadi 0.95 kwa kW 80 unahitaji kvar 44, chukua benki ya 50 yenye hatua za 5, 10, 10 na 25. kVA zinashuka kutoka 107 hadi 84. Ni kVA 22.5, karibu shilingi 337,000 kwa mwezi kabla ya kodi, usiku na mchana, mawingu au jua.

Ila msinunue kapasita tupu. Kiwanda chenye inveta za sola na mota za kasi zinazobadilika kina hamoniki (mawimbi ya ziada yenye kasi kuliko hezi 50), na kapasita tupu huzialika: zinapasha, zinavimba tumbo, zinapasuka. Weka riakta (koili) ya asilimia 7 mbele ya kila hatua. Inahamisha mwangwi hadi hezi 189, chini ya hamoniki ya tano ambayo ni 250. Riakta hiyo inapandisha volti za kapasita hadi 430 kwenye laini ya 400, kwa hiyo kapasita iliyoandikwa 400 au 415 haifai. Chukua ya 480. Na CT ya kidhibiti ikae mahali inapoona mzigo pamoja na sola, upande wa gridi. Ikiona mzigo tu, inafanya kazi kwa kubahatisha.

Ukizima benki, subiri dakika tatu kabla ya kugusa, kisha pima. Upinzani wa kumwaga chaji ukiwa umekufa, kapasita inakungoja.

#14 TepuNambariTatu

Mkuu wa kVA umemaliza. Nitoe macho mtaani kidogo niyapeleke kwenye laini kubwa, maana kuna anayeuliza pembeni kwa nini kaskazini umeme unafika umechoka.

Umbali. Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115 kwa mashine tisa za 235, liko Rufiji. Huku kwetu karibu kuna Nyumba ya Mungu, megawati 8, na chini zaidi kwenye Pangani kuna Hale na New Pangani. Kwa miaka mingi Arusha ilikuwa inaletewa umeme kwa njia ya kV 220 kutoka Singida kupitia Babati hadi Njiro, na ya kV 132 kutoka Hale kupitia Same na Kiyungi. Megawati 100 kwenye kV 220 ni ampea 262. Kwenye kV 400 ni 144. Upotevu unafuata mraba wa ampea, kwa hiyo waya wa aina ileile unapoteza mara 3.3 zaidi kwenye 220. Ndiyo kazi ya njia ya kV 400 ya Singida hadi Isinya nchini Kenya, yenye kituo cha kupoza umeme Lemugur. Na ndiyo hoja iliyotolewa na Rais Samia Machi 2025 kuhusu kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya kaskazini: upotevu wa njiani.

Njia ya kV 400 nayo ina tabia yake. Ikiwa haina mzigo, waya wenyewe ni kapasita kubwa, na volti za mwisho zinapanda kuliko za mwanzo. Usiku wa manane lazima riakta ziingizwe kuzishusha. Sasa fikirieni mchana wa Jumapili sola za mjini zikiwa nyingi: mzigo unapungua saa sita kama vile ni usiku. Riakta na tepu za vituoni zilizopangwa kwa ratiba ya zamani, usiku chini na mchana juu, zitakuwa zinakosea. Hapo ndipo tunahitaji vipimo vya kila transfoma ya mtaa, si vya kituo peke yake.

Na Juni hadi Agosti msisahau wingu la huku. Kilimanjaro haionekani wiki nzima, paneli zinatoa nusu au chini yake. Sola ya Arusha haiwezi kupangwa kwa hesabu ya Dodoma.

#15 MfongoWaMarangu

Kwa hao wa milimani: maji ya Juni yapo jua likiwa halipo. Lita 50 kwa sekunde zikishuka mita 40, mara 9.81, ufanisi asilimia 60, ni kW 11.8 usiku na mchana. Hiyo ni uniti 283 kwa siku. Sola ya kW 12 haifikishi 50. Lakini ni mfongo (mfereji wa asili) wenye wenyewe, una zamu za kumwagilia, na kibali kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Anayetaka kujifunza kazi hii kwa vitendo, Chuo cha Ufundi Arusha kina kituo Kikuletwa.

#16 NyutroKwanza

Kuna jambo la usalama halijaguswa. Inveta ya gridi halali ikikosa gridi inazima ndani ya sekunde mbili. Ile ya betri yenye jenereta ndiyo hatari, hasa kwa wanaotumia waya wenye plagi dume pande zote mbili. Transfoma haijui mbele na nyuma: ile inayoshusha 33,000 hadi 400 inapandisha 400 hadi 33,000. Fundi aliyepanda nguzo Machame akidhani laini imekufa anakutana na jenereta yako. Swichi ya kubadilisha iwe inayokata fezi na nyutro kwa pamoja, yenye nafasi ya sifuri katikati.

Na eathi. Fimbo moja ya mita 1.2 kwenye udongo wa omu-mita 100 inatoa kama omu 72. Fezi ikigusa bati, 230 gawanya kwa 72 ni ampea 3.2. Breka ya 32 haitajua kama kuna kitu kimetokea, na bati linabaki na umeme. RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) tu ndiyo inayookoa. Udongo wa majivu ya volkano wakati wa kiangazi unazidi hapo. Zikiwekwa fimbo mbili, ziachane mita 2.4 au zaidi. Zikikaribiana zinahesabika kama moja.

#17 BatiJekundu

RCD ya 30 yangu inakatika kila mvua ikinyesha. Eathi mbovu?

#18 NyutroKwanza

Hapana. Paneli zikilowa, kioo na fremu vinakuwa kapasita, na inveta isiyo na transfoma inavujisha kidogo kwenda ardhini. Hiyo si hitilafu. Inveta ipewe tawi lake na RCD ya milliampea 300 aina A, au ile ambayo kitabu chake kinataka, na soketi za nyumba zibaki na 30 yao. Ikikatika hata kukiwa kukavu, hapo sasa tafuta waya wa DC uliochunwa na ukingo wa bati. Mchuno huwa karibu na kibano cha kwanza pale unapokunja kuingia darini.

#19 MamaWaSoweto_Moshi

Nikienda ofisini kuomba laini iangaliwe, niende na nini ili nisirudishwe na "tutatuma mtu"?

#20 MpimajiUsaRiver

Karatasi moja, dada. Namba ya nguzo yako na ya transfoma (zimeandikwa kwa rangi au kibati). Volti za siku tatu, kila siku saa kumi alfajiri, saa saba mchana na saa mbili usiku. Kila kipimo kiwe mara mbili: nyumbani kwako, na kwa jirani aliye karibu na transfoma kwenye fezi yako. Alfajiri ikiwa 238 kwako na 239 kwake, halafu saa mbili usiku 207 kwako na 231 kwake, volti 24 zimepotelea kwenye waya na hakuna wa kukuambia nyumba yako ina matatizo ya ndani. Sola ikiwepo, andika na ukubwa wake, na mchana pima ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa. Piga picha skrini ya mita na saa ionekane.